Miwani mipya inaniumiza shingo na macho nikiwa kwenye cherehani: naomba ushauri

Mshonaji wa Pasua (Moshi):
Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Mimi ni mshonaji mwenye umri wa miaka 44, na nimevaa miwani ya kuonea mbali tangu nilipokuwa sekondari. Hivi karibuni nilianza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikapimwa upya na kupewa lenzi za sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea. Nikisoma daftari la vipimo vya wateja ninaona vizuri kabisa, lakini nikikaa kwenye cherehani, hasa nikishona kitambaa cheusi, mshono unaingia ukungu mpaka niinue kidevu na kusogeza uso karibu na sindano. Ikifika saa tisa alasiri shingo imekakamaa, kichwa kinagonga, na macho yanawasha kana kwamba yameingiwa na mchanga. Dukani niliambiwa nitazoea, na sasa ni wiki ya tano. Duka la dawa la jirani wameniuzia dawa ya matone ambayo huondoa wekundu upesi, nami nimeanza kuitumia kila siku. Je, tatizo ni macho yangu, ni miwani, au ni namna ninavyokaa?

Mpima Macho:
Pole sana dada. Mimi nilisomea kazi hii hapo hapo Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, na jambo la kwanza ninalotaka kujua halimo katika maelezo yako: kutoka jicho lako hadi kwenye sindano ya cherehani ni sentimita ngapi? Sehemu ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, yaani umbali wa kitabu mkononi. Kitu kilicho sentimita 40 kinadai nguvu ya lenzi ya 2.50 (kwa kipimo cha dayopta), ilhali kilicho sentimita 60 kinadai kama 1.67 tu, na baada ya miaka 40 jicho lenyewe huwa limepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kujirekebisha ili kufidia tofauti hiyo. Inawezekana kabisa kwamba lenzi zako ni sahihi kwa daftari na si sahihi kwa cherehani, na ndiyo maana unaufuata mshono kwa uso.

Jambo la pili ni mstari unaotenganisha sehemu hizo mbili. Simama mbele ya kioo, tazama mbele, uone umekaa wapi; kwa kawaida unatakiwa kulingana na ukingo wa kope ya chini. Fremu ikiteleza puani mstari nao unashuka, nawe unalazimika kuinua kidevu siku nzima. Kukaza mikono ya fremu na kurekebisha vile vipande vya puani ni kazi ya dakika chache, na huna sababu ya kuvumilia.

Fundi wa Ngarenaro:
Dada, mimi nashona hapa Arusha na yalinikuta hayo hayo. Niongeze moja tu: usifute miwani kwa kipande cha kitambaa kilichoko mezani. Vumbi letu la kiangazi, likichanganyika na vinyuzinyuzi vya nguo, hukwaruza lenzi mpaka taa ya cherehani ionekane ina ndevu. Mimi huiosha kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, kisha naikausha kwa kitambaa laini kilicho safi.

Mjukuu wa Kibosho:
Naomba usipuuze suala la matone. Soma jina la dawa kwenye kichupa. Ikiwa ni deksamethazoni au steroidi nyingine (dawa kali za kutuliza uvimbe na wekundu), usiendelee kuitumia bila usimamizi wa daktari wa macho, kwa sababu dawa hizo zikitumika kwa muda mrefu zinaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Presha ya macho mara nyingi haiumi inapoanza, na uwezo wa kuona ukishapotea haurudi. Mama yangu mkubwa alitumia matone ya namna hiyo kwa miaka, akiyasifu, na leo jicho lake la kushoto linaona mwanga tu.

Mpima Macho:
Namuunga mkono ndugu hapo juu. Mwasho kama wa mchanga mara nyingi ni ukavu, kwa kuwa mtu anayekazia macho kazi hupepesa kope mara chache kuliko kawaida. Geuza feni isikupulize usoni, na kila baada ya dakika 20 tazama mbali nje ya mlango huku ukipepesa kope. Machozi bandia, yaani matone ya kulowanisha jicho tu, yanaweza kusaidia.

Mshonaji wa Pasua (Moshi):
Nawashukuru sana. Nimekaa kwenye cherehani kama ninavyokaa siku zote, binti yangu akanipima kwa futikamba: ni sentimita 58. Mstari wa lenzi uko karibu nusu sentimita chini ya kope. Kichupa kimeandikwa deksamethazoni. Nimeyaacha matone tangu jana, na kesho asubuhi nakwenda kwa daktari wa macho nikiwa na kichupa, miwani na kipimo changu.