Nyie mnaopandisha zilipendwa mtandaoni, acheni kuwanyang'anya wazee nyimbo zao!

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiyependa kusoma apite.

Nimechoka. Kila nikiingia YouTube kutafuta zilipendwa nakutana na uongo ulioandikwa kwa herufi kubwa, umebandikwa na picha, na chini yake watu kibao wanaushangilia. Mfano unaoniuma kuliko yote: "Sina Makosa – Mbaraka Mwinshehe". Hivi nani kawaambia? Sina Makosa ni ya Les Wanyika. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka hakuwahi kuwa Les Wanyika hata kwa siku moja. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mnamo Januari 1979, wakati Les Wanyika ndiyo kwanza inaanza kutambaa kule Nairobi. Halafu mtu anaandika kwenye komenti "Pumzika Mbaraka, ulituimbia", wenzake wanampa dole. Anayeliliwa si yeye aliyeuimba, na waliopiga wimbo hawatajwi.

Na ukiwarekebisha, utasikia "basi ni Simba Wanyika, si ni walewale". Si walewale! Tuelewane hapa, maana hii ndiyo sehemu inayochanganywa kuliko zote. Simba Wanyika ni ya akina Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, vijana wa Tanga waliopitia Jamhuri Jazz, wakapanda Arusha, kisha 1971 wakavuka mpaka kwenda Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wakajitoa: Omari Shabani aliyekuwa anapiga gitaa la rithim, Tom Malanga wa besi, na wenzao. Wakaungana na John Ngereza, ndipo ikazaliwa Les Wanyika. Issa Juma aliyeimba nao mwanzoni akaja kutoka, akawa na Super Wanyika yake. Hizo ni bendi tatu tofauti, na kila moja ina watu wake na kazi zake. Wametoka shina moja, sawa, ila hata ndugu wa tumbo moja kila mmoja ana cheti chake cha kuzaliwa.

Na wala huhitaji kuwa mtaalamu. Tega sikio tu. Weka wimbo wa Simba Wanyika wa miaka ya 80, utasikia mdomo wa bata, yaani saksafoni, unaingia na kutoka kati ya mistari. Kisha weka Sina Makosa. Hakuna tarumbeta, hakuna mdomo wa bata, ni magitaa, besi na dramu basi. Ile rithim ya Omari Shabani inazunguka palepale tangu mwanzo haichoki, besi ya Malanga inatembea chini yake kama inaongea, na gitaa la solo linachomeka pale sauti zinapopumzika. Ule uchache wa vyombo ndio utambulisho wao. Mtu anayesema anaupenda huo wimbo halafu hajawahi kujiuliza nani anapiga ile besi, anaupenda kwa mdomo tu.

Twende Morogoro. Mji ule ulikuwa na bendi mbili kubwa zilizoshindana kufa na kupona, Morogoro Jazz na Cuban Marimba. Cuban Marimba ni ya Salum Abdallah, aliyejulikana kwa kifupi kama SAY, ambaye alifariki kwa ajali mwaka 1965. Baada yake bendi ikaongozwa na Juma Kilaza, na ikaendelea kurekodi miaka mingi. Sasa nenda kaangalie zinavyopandishwa. Kila kitu cha Cuban Marimba kimeandikwa "Salum Abdallah". Nimekuta video imeandikwa "Salum Abdallah 1972". Mtu amezikwa miaka saba nyuma, wewe unamwimbisha! Na Kilaza, aliyeibeba bendi ile mabegani kwa miaka yote hiyo, hata jina lake halipo. Kuna wengine wameweka picha ya Mbaraka kwenye nyimbo za Salum, kwa sababu wote ni wa Morogoro na wote walikufa kwa ajali, basi kwao ni mtu mmoja.

Hata huyo Mbaraka mwenyewe hawamtendei haki. Alikuwa Morogoro Jazz, akaenda nao Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, kisha 1973 akatoka kuanzisha Super Volcano. Ni vipindi viwili, na upigaji wake ulibadilika. Ukiandika "Mbaraka Mwinshehe Greatest Hits" ukamwaga humo nyimbo za bendi zote mbili bila kusema ipi ni ipi, umefuta safari yake yote ya kimuziki na umewafuta na wapigaji wa pande zote mbili.

Hapa ndipo yaliponikuta mimi. Nina santuri ndogo za mizunguko 45 nilizoachiwa na baba mdogo. Kuna chaneli moja, jina sitalitaja, ina wafuasi wengi kweli. Iliweka wimbo wa Super Volcano ikauandika Morogoro Jazz, mwaka ikaubuni. Nikatoa santuri, nikaifuta vumbi, nikapiga picha lebo. Karatasi ya katikati imepauka lakini inasomeka: juu jina la wimbo, chini yake jina la bendi, na kwenye mabano kwa herufi ndogo jina la mtunzi. Kila kitu kipo pale, kimechapwa enzi zilezile. Nikamtumia mwenye chaneli kwa heshima zote, "ndugu yangu, naomba urekebishe". Alinijibu kwamba watu wameshazoea hivyo na akibadilisha jina video itashuka. Nikaandika komenti ya wazi ili angalau wasikilizaji wajue. Akaifuta. Nikaandika tena, akanifungia kabisa. Ushahidi wa lebo umeshindwa na idadi ya watazamaji.

Kosa mtu yeyote anaweza kufanya, nalisamehe. Hasira yangu ni kwa mtu aliyeonyeshwa ukweli akauficha ili aendelee kupata hela ya matangazo kwa jasho la marehemu.

Halafu kuna hili la bendi ya Msondo. Jamani, NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Ikaja OTTU Jazz. Baadaye ndiyo ikajitegemea kwa jina la Msondo Ngoma. Jina la bendi peke yake linakupa kipindi cha wimbo. Ukikuta wimbo umeandikwa NUTA unajua uko wapi kwenye historia ya nchi. Sasa nyie mnaandika zote "Msondo Ngoma ft. TX Moshi William". TX Moshi, Mungu amrehemu, aliingia pale miaka ya 80. Nyimbo za NUTA za miaka ya 60 na 70 aliimbaje? Zile ni sauti za akina Muhiddin Maalim Gurumo, na Gurumo mwenyewe 1978 alihama na wenzake kwenda kuanzisha Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, baadaye akapita Orchestra Safari Sound, akarudi nyumbani kwake Msondo. Ukitaka kujua sauti yake iko kwenye bendi ipi lazima ujue mwaka, na ukitaka kujua mwaka lazima usikubali kuandikiwa uongo. Nimeona pia "Mlimani Park 1974". Bendi haijazaliwa hiyo!

Kuna kukata nyimbo sasa. Hili linanitoa machozi kabisa. Nyimbo za dansi za zamani zilijengwa kwa sehemu mbili. Kwanza maneno, mwendo wa taratibu, kisa kinasimuliwa. Kisha chemko: gitaa la solo linapanda, gitaa la second solo linajibu, wapuliza vyombo wanaingia kwa pamoja, tumba inakaza, na mwimbaji anabaki kurusha vibwagizo. Kwenye santuri, upande wa kwanza uliishia pale maneno yanapoisha, ukageuza upande wa pili ukapata chemko. Mnachofanya nyie ni kupandisha upande mmoja tu, tena mnaufifisha kabla haujaisha, mnaubandika tangazo la sauti la chaneli yenu katikati ya mstari. Yaani Joseph Mulenga wa Mlimani Park anaanza kulifinyanga solo, ghafla lijitu linapiga kelele "usisahau kusabskraibu". Na zile mnazochukua kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine zinakimbia, sauti za waimbaji zimekuwa nyembamba, mtoto wa leo anadhani ndivyo Hassan Bitchuka alivyoimba.

Na wapigaji hamuwataji kabisa! King Michael Enoch aliongoza Dar es Salaam Jazz, akaja kuijenga Sikinde, gitaa anapiga, mdomo wa bata anapuliza, vijana wangapi wamefundishwa na mikono yake. Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12. Mnaandika jina la mwimbaji peke yake kana kwamba vyombo vilijipiga. Wanawake ndiyo kabisa. Kida Waziri kaimba Vijana Jazz miaka ya 80 akipokezana na Hemed Maneti, sauti yake unaisikia waziwazi, lakini kichwa cha video kinasema Hemed Maneti pekee. Mwanamke anaimba mbele ya masikio yenu na bado hamumwoni.

Najua watakuja wa kusema "mkuu, muziki ni burudani, punguza presha". Sipunguzi. Sikilizeni uongo huu unavyosafiri. Mtu anabuni maelezo ya video, mara "wimbo huu aliuimba akijua atakufa", mara "alimwimbia mke wa bosi wake". Wiki inayofuata mtangazaji wa kipindi cha zilipendwa, ambaye hana muda wa kutafuta, anasoma yaleyale hewani. Msikilizaji anarudi mtandaoni kubishana: "mimi nimesikia redioni". Sasa uongo umepata ushahidi. Mwanafunzi wa chuo anauandika kwenye kazi yake. Programu ya akili mnemba inazoa hayo hayo na kumjibu mtu mwingine kwa kujiamini kabisa. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi ziliingia studio za redio kurekodi, kwa sababu hapa nchini hapakuwa na mahali pengi pa kufanyia hivyo na santuri zilikuwa zikichapwa Nairobi. Kwa hiyo kumbukumbu zetu ni hizo kanda, hizo lebo, na vichwa vya wazee wachache waliobaki. Wazee wanaondoka kila mwaka. Gurumo aliondoka 2014. Mkishachafua na haya maandishi, tutauliza wapi?

Na kuna suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Mjane au mtoto wa mwanamuziki akitaka kufuatilia haki za mzee wake, jambo la kwanza ataulizwa wimbo ni wa nani. Na duniani kote wimbo umeandikwa jina la mtu mwingine! Tumeshaona Malaika ilivyozua mabishano. Fadhili William ndiye aliyeirekodi Kenya na kuhesabiwa mtunzi, Adam Salim akadai ni yake, na wakati wao wanavutana dunia nzima inaitambua kwa sauti ya Miriam Makeba na wengi wanaapa ni wimbo wa Afrika Kusini. Huo ni miongoni mwa nyimbo maarufu kabisa za Kiswahili. Vipi ule wa bendi ya Tabora au Tanga ambao hauna wa kuutetea?

Ninachotaka si kikubwa. Ukipandisha wimbo, andika bendi kama ilivyoitwa wakati ule. Andika mtunzi kama unamjua. Kama mwaka huujui, uache wazi, hakuna atakayekudai. Weka wimbo mzima, pande zote mbili. Toa kelele zako juu ya gitaa la watu. Na mtu akikuletea picha ya lebo, rekebisha kichwa cha video siku hiyohiyo, acha kufuta komenti zake.

Wenye santuri, kaseti zenye makasha yake, au aliyeishi na hawa wazee, naomba mweke humu picha za lebo, pande zote mbili, ziwe na mwanga zisomeke. Mimi kesho naanza na zile za Cuban Marimba za kipindi cha Kilaza. Mwenye za bendi za Western Jazz na Atomic Jazz asikae kimya, na mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa salamu za zilipendwa.