Saadani kwenda na kurudi siku moja na mama mzee: inawezekana au najidanganya?

Kijana wa Tabata (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu yuko hapa Dar tangu wiki jana, katokea Kondoa. Ana miaka 67 na goti moja linamsumbua. Bahari hajawahi kuiona zaidi ya ile aliyoichungulia dirishani tukipita Salenda. Nataka Jumamosi nimpeleke mahali aone bahari na wanyama kwa mpigo.

Nimempata dogo mmoja anayetembeza watalii. Anatupeleka hifadhi ya Saadani, ile inayopakana na bahari, watu sita, kutoka saa kumi na moja alfajiri, kurudi usiku. Anasema simba ni uhakika, na tembo tutawakuta wanaoga baharini, picha kanitumia. Ila anataka pesa yote leo, kwenye namba yake ya simu. Mke wangu anasema tuachane na hayo, twende kisiwa cha Mbudya tukale samaki. Nishaurini. Wenye matusi piteni kimya.

Kibuyu Kitupu
Pesa yote mbele? Mkuu, wiki ijayo utafungua uzi mwingine kule jukwaa la malalamiko.

Mzee wa Makurunge
Mwanangu, inawezekana, nimeenda na kurudi mara tatu. Lakini huyo anayekuhakikishia simba mwogope. Simba wapo, ila hawana mkataba na mtu. Tembo kushuka ufukweni hutokea, tena kwa nadra, wale tembo wana woga kuliko wa mbuga nyingine. Utakachoona bila shida ni twiga, kongoni, kuro, ngiri na nyani.

Mimi ningekuambia hivi: usiende Saadani kwa ajili ya simba, nenda kwa ajili ya mto Wami. Unapanda boti, mnashuka nao taratibu kuelekea baharini. Nahodha akizima injini unaona masikio ya viboko tu juu ya maji, yanatikisika kama ya ng'ombe anayefukuza nzi. Kisha kichwa kizima kinapanda, kinapuliza, mama atarudi nyuma mpaka amkalie mtu! Mamba wamelala kwenye tope, wengine wadogo urefu wa mkono. Juu ya miti kuna mbega, na furukombe wakilia. Mkikaribia mdomo wa mto mikoko inaanza, na upepo unabadilika harufu. Na huko kote mama kakaa kitako, goti halina kazi. Uliza jambo moja tu: pale pa kupandia boti pana ngazi, au mnateremka ukingo wa udongo?

Binti Kunduchi
Mimi ni wa visiwani, naitetea Mbudya siku zote, lakini safari hii namkatalia wifi. Mbudya boti haina gati, unashukia majini, maji yanafika magotini, wakati mwingine mapajani. Na huu ni mwezi wa saba, kusi linavuma. Vijana wanacheka boti ikiruka, mama wa miaka 67 hatacheka. Tena wanyama wa nchi kavu pale hakuna, labda kaa wa nazi, na huyo ni wa usiku. Kisiwa hicho na jirani yake Bongoyo vimehifadhiwa tangu 1975 kwa sababu ya matumbawe na samaki, raha yake ni kuzamisha uso majini. Mama atazama? Mleteni mwezi wa kwanza au wa pili, bahari ikiwa imetulia.

Dereva Mstaafu
Kusi hilo hilo linakufaa barabarani, maana ni kiangazi. Mimi nilikwenda mwezi wa nne na kampuni moja, sitaitaja. Walikuja na Noah! Udongo mweusi wa kule ukilowa unanasa kama ugali kwenye sufuria. Tulikaa saa nne tunasukuma, na tulipofika getini tukaambiwa kiingilio hakijalipwa, ilhali pesa tulishampa jamaa. Tukalipa tena.

Kwa hiyo mpe ya mafuta tu kwanza. Kiingilio dai namba ya malipo ya serikali, lipa mwenyewe, ubaki na risiti. Bebeni vitambulisho vya NIDA, Mtanzania analipa kwa shilingi na si nyingi. Na gari liwe la juu, ulikague Ijumaa kwa macho yako.

Mama Watoto Wawili
Msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda hizo rangi na wanauma juu ya nguo. Chakula bebeni cha kwenu. Choo mkitumie Bagamoyo mkipita, mbele huko ni kubahatisha.

Kijana wa Tabata (mleta uzi)
Asanteni sana. Dogo nimemwambia nampa ya mafuta tu, kakata simu. Hajapokea mpaka sasa.

Kijana wa Tabata (mleta uzi)
MREJESHO. Tulikwenda na dereva mwingine, Prado kuukuu lakini zima. Ngazi haikuwepo, mabaharia wawili walimbeba mama mzobemzobe, akawa anawaombea dua huku kafumba macho. Viboko tulihesabu 14, mke wangu anasema 11. Simba hakuna, tembo tuliona kinyesi tu, kibichi. Twiga walituvukia njia, mama akasema wana maringo.

Tukamalizia ufukweni pale kijijini, maji yamekupwa mbali, wavuvi wanachambua kamba waliowavua. Mama akavua kandambili, akatembea polepole mpaka kwenye maji, akachovya kidole akalamba. Akaniuliza chumvi yote ile kaitia nani. Kisha akaomba chupa tupu, akaijaza, anasema ni ya goti. Mke wangu karibu aimwage jana akisafisha friji. Sasa mama analala nayo.

Mzee wa Makurunge
Mwambie asiinywe.