Tupeane uzoefu: kupeleka mswada wa hadithi ya watoto kwa mchapishaji bila wakala

Habari za jioni, wapendwa. Niko Tanga mjini, Makorora. Kwetu huku mwandishi hana wakala wa kumsemea. Anabisha hodi mwenyewe, na wachapishaji wengi wako Dar es Salaam. Naomba tukusanye hapa yaliyotukuta ili anayeanza asijikwae tulipojikwaa. Naanza mimi.

Hadithi yangu ni ya kaa mdogo aliyetoka shimoni siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Mara ya kwanza nilimlipa kijana achore picha kumi na mbili, nikatia kila kitu kwenye bahasha ya kaki, nikautuma mzigo kwa basi. Ulirudi baada ya miezi saba. Mhariri alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu: picha hazitatumika kwa kuwa wao huchagua mchoraji wao, maneno 2,100 ni mengi mno kwa kitabu cha picha, na kaa wangu anahubiriwa. Hilo la mwisho liliniuma, lakini alisema kweli. Nilikuwa nimemalizia hivi: "Kaa Mdogo akajifunza kwamba kutowasikiliza wazazi ni jambo baya sana."

Nikawasomea watoto wa jirani barazani. Tulipofika hapo wakaanza kuchokonoa mkeka. Mmoja akaniuliza, "Na mguu wake uliokatika je?" Swali lile lilininyima usingizi. Kaa akikatika mguu huota mwingine anapojivua gamba. Mimi nimezaliwa pwani na nilikuwa nimelisahau hilo! Mwisho mpya ukawa: "Kaa Mdogo akarudi shimoni. Akahesabu miguu. Mmoja haupo. Akajikunja kando ya mama yake, akasubiri uote." Mswada ukabaki maneno 640. Mchapishaji wa tatu akaupokea.

Karibuni.

Mwalimu wa Pangani:
Hongera sana dada. Kuhusu urefu niongeze kidogo. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, ndiyo maana vitabu vya picha huwa na kurasa 16, 24 au 32. Mimi hukunja karatasi za daftari nikapata kijitabu cha kurasa 24, nikaacha za mwanzo kwa ajili ya jina na haki miliki, kisha naandika kwa penseli kila ukurasa una tukio gani. Nikikuta kurasa tatu mfululizo mhusika amekaa palepale anaongea, najua mchoraji hatakuwa na cha kuchora, nafuta. Kijitabu hicho sikitumi. Ninachotuma ni mswada uliochapwa vizuri, muhtasari wa aya moja, umri wa msomaji au darasa, na barua fupi.

Kijana wa Muheza:
Mimi niliumia. Kuna ofisi ilinijibu ndani ya siku mbili kwamba mswada umepita, kisha ikadai 1,800,000 za uhariri na jalada. Nililipa nusu, pesa ya machungwa ya mama ya msimu mzima. Kitabu sikukiona hadi leo. Ndugu zangu, mchapishaji ndiye anayeweka mtaji wake kwenye kitabu chako. Akikudai wewe, hiyo ni biashara nyingine.

Mama Wawili, Chumbageni:
Pole sana mdogo wangu. Mimi naomba tuzungumzie mkataba, maana wengi tukisikia "tumekubali" tunasaini kwa furaha bila kusoma. Mrabaha wangu, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, uliandikwa asilimia 10. Asilimia 10 ya nini? Kitabu cha shilingi 5,000, ukilipwa kwa bei ya jalada unapata 500. Duka likipewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anapokea 3,000, na kama mkataba unasema "mapato halisi" wewe unapata 300. Zote mbili ni halali, ila ujue unasaini ipi. Pili, kulikuwa na kifungu cha kuuza haki zote moja kwa moja kwa malipo ya mara moja. Niliomba kiondolewe, wakakiondoa bila ugomvi. Sikuwa na wakili. Niliuliza tu kwa adabu. Tatu, dai kifungu kinachosema kitabu kikiisha sokoni na wasipokichapa tena, haki zinarudi kwako.

Msomaji wa Lushoto:
Msisahau Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ina nyanja ya hadithi za watoto, na mswada unaupeleka mwenyewe.

Kijana wa Muheza:
Dada wa Makorora, uliwatumia wote kwa pamoja au mmoja mmoja?

Makorora:
Wawili wa mwanzo mmoja mmoja, na nikapoteza karibu mwaka na nusu. Wa tatu nilimwambia kwenye barua kwamba mswada umekwenda na kwingine, hakuchukia. Muhimu useme, na mmoja akikubali uwaarifu wengine siku hiyohiyo.

Sasa hivi tuko kwenye uhariri. Mhariri anataka "bamvua" liondoke, anasema watoto wa bara hawalijui. Nimemwandikia jana kwamba naliomba libaki, mchoraji aonyeshe maji yamepanda mpaka mlangoni mwa shimo, na mtoto wa Dodoma atalijua hapohapo. Nasubiri jibu.