Naombeni ushauri: mpwa wangu anataka kwenda kucheza kikapu chuo Marekani, "wakala" anadai milioni 4

Mjomba wa Upanga
Wakuu, habari za jioni. Nina mpwa wangu wa kike, kidato cha nne hapa Dar, anacheza pointi gadi, yule anayepanga mashambulizi ya timu. Mpira anaujua, hata wavulana anaofanya nao mazoezi jioni hawabishi. Shida ni kwamba amekolea Caitlin Clark, yule nyota wa kikapu wa Marekani, kupita kiasi. Usiku kucha ni klipu za yule binti akiwa Chuo Kikuu cha Iowa, hasa ile ya Februari 15, 2024 alipoivunja rekodi ya ufungaji ya wanawake wa vyuo, pointi 3,527 za Kelsey Plum, kwa mtupo wa kutoka kule karibu na nembo ya uwanja. Kesho yake na huyu wetu anavuka tu mstari wa katikati, anarusha. Kocha anashika kichwa.

Sasa kajitokeza mtu anajiita wakala. Akipewa milioni 4 atampeleka chuo Marekani, eti nafasi imeshawekwa. Dada yangu ameanza kuulizia bei ya kiwanja chake cha Chanika. Njia hii ipo kweli? Na hii ndoto ya Clark tuipalilie au tumpoze mapema? Matusi sihitaji.

Jembe la Mbagala
Kiwanja kisiuzwe. Mengine tutaongea.

Kocha Mstaafu
Mkuu, mimi nianze na hizo klipu. Mtafutie mechi nzima ya siku ile, dhidi ya Michigan. Pointi 8 alizokuwa anazihitaji alizimaliza dakika mbili na ushee za mwanzo, ukumbi ukalipuka, klipu ikaishia hapo. Lakini alitoka uwanjani na pointi 49 na asisti 13, yaani pasi zilizozaa vikapu, na mimi hizo 13 ndizo zinazonikosesha usingizi. Tazama beki anavyomfuata mbali kwa kuogopa mtupo: nyuma yake panabaki wazi, pasi inapenya, mwenzake anaweka bila kusumbuliwa. Msimu ule aliongoza ligi nzima ya vyuo kwa wastani wa pointi na wa asisti pia. Mtupo wa mbali kwake ni chambo. Huyo binti akirusha huku mwenzake kasimama peke yake chini ya goli, bado hajamwelewa Clark.

Shabiki wa Zamani
Clark Clark Clark! Kamaliza na pointi 3,951, sawa, kwenye Daraja la Kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, hakuna aliyemfikia. Ila ubingwa wa vyuo hana hata mmoja. Fainali ya 2023 wakapigwa na LSU 102-85, ya 2024 wakapigwa na South Carolina 87-75. Na mnamsahau Lynette Woodard wa Kansas, pointi 3,649 kati ya 1977 na 1981, enzi ambazo mstari wa pointi tatu haukuwepo na wanawake walichezea mpira mkubwa wa wanaume. Rekodi yake wala haikuhesabiwa na NCAA, kwa sababu wakati ule michezo ya wanawake ilikuwa chini ya chama kingine.

Kocha Mstaafu
Woodard nampa heshima zake zote. Ila fainali hiyo ya 2024 unayoisema ilitazamwa na watu karibu milioni 19 Marekani, ikaipita ya wanaume mwaka uleule. Hao watu wote walimfuata nani? Turudi kwa mtoto wa watu.

Dada wa Ughaibuni
Mjomba, shikamoo. Nipo huku, nimesoma na wasichana wanaocheza. Njia ipo, ila si ya Clark. Yeye ni mzaliwa wa Iowa, akacheza chuo cha jimbo lake miaka yote minne, makocha walimjua tangu mdogo. Wa kumfuatilia ni Madina Okot, Mkenya wa Mumias. Alisoma sekondari ya Kaya Tiwi kule Kwale, akachezea Chuo Kikuu cha Zetech, ndipo akaenda Mississippi State msimu wa 2024–25, akaondoka na wastani wa zaidi ya pointi 11 kwa mechi, kisha akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley. Tofauti ni kwamba Okot ana karibu mita 2. Urefu ule unaonekana hata kwenye video mbovu. Hasheem Thabeet wetu naye aliyefika chuo cha UConn, mnajua kilichomtangulia mlangoni. Gadi mfupi lazima aonekane akifikiri, kwa hiyo video iwe ya mechi nzima.

Kuhusu hela: kocha wa chuo anayekutaka hakutozi. Usajili wa NCAA una ada, unalipa mwenyewe kwenye mtandao wao. Wanaangalia matokeo ya sekondari, hivyo Kiingereza na hesabu asicheze navyo. Muulizeni huyo wakala chuo gani, daraja gani. Akitaja Daraja la Tatu, huko ufadhili wa michezo haupo kabisa.

Na asidanganywe na mikataba ya matangazo ya kina Clark. Mwenye viza ya mwanafunzi akipokea hela za matangazo huku, anaiweka viza yenyewe hatarini.

Mjomba wa Upanga
Marahaba, mwanangu, umenifungua macho. Nimempigia yule bwana, nikamuuliza chuo gani na kocha ni nani. Kasema hayo ni mambo ya ofisini, tutayajua tukishalipa. Dada nimemwekea spika asikie mwenyewe. Kiwanja kimepona.

Binti nimempa mechi ya Michigan, amenuna, ila anaangalia. Swali la mwisho: video tuirekodi mechi gani, za shule au za ligi ya mkoa?

Kocha Mstaafu
Ya mkoa. Tena dhidi ya timu inayowazidi, na kamera ikae juu jukwaani ionyeshe wachezaji wote kumi.