Mtoto wa miaka 7 anaisogelea tivi: karoti zitamsaidia?

Nyar Manyatta: Hamjambo wadau. Kijana wangu yuko Gredi ya 2. Tangu muhula uanze anatazama tivi pua ikikaribia kugusa kioo, na mwalimu anasema lazima aende mbele ndipo anakili cha ubaoni. Macho humwasha pia, lakini hilo nimelishughulikia. Je, karoti zinasaidia, ama nimnyang'anye simu?

Mkulima wa Njoro: Karoti ni nzuri, lakini hata sukuma wiki, maembe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A. Mboga ikaangwe kwa mafuta kidogo, la sivyo mwili hauifyonzi vizuri. Inakinga upofu wa usiku. Kutoona mbali haiondoi.

Kondele Juu: Simu ndiyo shida. Wazazi tumeifanya yaya. Mtoto acheze nje mchana, jumla ya saa mbili kwa siku. Kitabu kisipungue sentimita 30 kutoka usoni, na kila dakika 20 atazame kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20.

Matroni wa Vihiga: Dada, mwasho umeushughulikia kwa dawa gani? Na mpime leo kwa kalenda ya ukutani, mita 3, jicho moja moja. Mzibe kwa kiganja chako wewe. Akijiziba mwenyewe huchungulia katikati ya vidole, na jicho bovu linajificha hapo miaka.

Nyar Manyatta: Nimempima. La kulia anasoma tarakimu, la kushoto anakisia. Dawa ni matone tu ya kemisti, yanamtuliza vizuri. Miwani nimeshaagiza, walimpima kwa kompyuta, nikaweka 1,000 kati ya 2,500. Nilitaka kujua karoti tu.

Matroni wa Vihiga: Soma lebo.

Nyar Manyatta: Deksamethasoni 0.1%. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Nilinunua kichupa Januari. Nikiacha siku mbili anayafikicha mpaka yanakuwa mekundu, shule haendi. Sasa nifanyeje?

Kondele Juu: Hii hadithi imetungwa. Kichupa cha mililita 5 kina matone kama 100. Manne kwa siku, siku 25 kimekwisha, na sasa ni Mei. Kesho atatokea mtu na namba ya kuuza matone.

Mkulima wa Njoro: Na akaunti ni ya juzi.

Nyar Manyatta: Sijatunga. Ni vichupa vitano, niliona haya kuandika. Hiki cha tano lebo imefutika kwa kushikwashikwa, limebaki hilo jina na asilimia.

Matroni wa Vihiga: Umefanya vyema kusema. Hiyo ni steroidi. Ikitumika wiki nyingi bila kufuatiliwa inaweza kupandisha presha ya jicho, na presha inaua neva ya kuonea polepole, bila maumivu. Neva iliyokufa hairudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Miwani haitibu hata kimoja. Tena jicho la mtoto hujikaza likipimwa. Bila matone ya kulilegeza, kompyuta inaweza kumpa minasi, lenzi ya asiyeona mbali, asiyoihitaji.

Usinunue cha sita. Kesho asubuhi nenda kitengo cha macho cha hospitali ya Jaramogi, Kisumu, au hospitali ya macho ya Sabatia huku Vihiga. Usiseme "macho yanawasha", watakupa foleni ya mwasho. Sema ametumia steroidi miezi minne, apimwe presha ya macho na neva itazamwe. Mwasho una matone yasiyo steroidi, kama kromoglikati na olopatadini. Daktari atapanga jinsi ya kuipunguza hii steroidi. Usiku huu mkande kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, dakika 5. Asifikiche, konea, kioo cha mbele cha jicho, inaweza kuchongoka.

Nyar Manyatta: Na ile 1,000?

Kondele Juu: Samahani dada, nilikukosea. Wapigie sasa hivi wasikate lenzi. Ikishakatwa, kurudishiwa ni kazi.

Nyar Manyatta: Nimepiga, hawajakata. Vichupa vingine nilitupa.

Matroni wa Vihiga: Beba hicho kimoja, na uandike tarehe uliyoanza.