Acheni kutuuzia filta ya jikoni kwa tangi la matumbawe! (maji ya kisima, Kampala na Wakiso)

Wauzaji wa filta, uzi huu ni wenu. Mteja anaingia dukani anasema wazi: maji yangu ni ya kisima kirefu, magumu, birika linaota ukoko mweupe, nataka kufuga matumbawe ya baharini kwenye tangi la vioo. Anauziwa nini? Mashine ya jikoni ya hatua tano, yenye kafilta ka mwisho kanakorudisha kalisiamu na magneziamu "ili maji yawe matamu". Yaani mtu ametoa pesa chokaa itoke, halafu pesa hiyohiyo inairudisha. Tangi likivaa utando wa kahawia mwezi wa pili, anaambiwa amezidisha chakula cha samaki.

Tupige hesabu. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita, ukiwa wote wa bikabonati, yana alkali ya karibu dKH 17 (dKH ni kipimo cha bikabonati majini). Chumvi ya matumbawe ikikorogwa kwenye maji safi, gramu 35 hivi kwa lita, tayari inaleta dKH 8 au 9 na kalisiamu miligramu 400 na ushee kwa lita. Jumlisha: dKH 25! Ndoo inageuka maziwa, unga mweupe unatua chini, pampu inakaba. Unga ule ndio kalisiamu uliyoinunua kwa bei ya chumvi ya nje. Halafu kuna maji ya kufidia yanayokauka. Lita 4 kwa siku ni lita 120 kwa mwezi, sawa na gramu 36 za chokaa, na chokaa haipai na mvuke.

Na msidanganywe na haya mengine. Kuchemsha kunaangusha sehemu ya chokaa, kinachobaki kinazidi kukolea. Taa ya UV inaua vijidudu, chokaa inaipita kama haipo. Sumaku za kufunga kwenye bomba sitaki hata kuzizungumzia. Wako pia wanaoshauri chumvi ya Katwe "kwa sababu nayo ni ya ziwa la chumvi". Ziwa Katwe lina magadi na salfeti kibao. Mpelekee ng'ombe, atakushukuru.

Mashine inayofaa ni ya RO, inayosukuma maji kwa presha yapenye membreni, ngozi laini inayozuia chumvi. Presha sasa, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapotuibia. Tangi la maji juu ya mnara wa mita 6 linatoa bar 0.6 tu (kila mita 10 ni bar 1). Membreni ya galoni 75 inatoa hizo galoni 75, yaani lita 284 kwa siku, ikipata karibu bar 3.5 na maji ya nyuzi 25. Ukiifunga kwenye bar 0.6 haitatoa maji kidogo tu, itatoa maji machafu pia. Chumvi hupenya membreni kwa mwendo wake uleule, presha iwe kubwa au ndogo. Maji ndiyo yanayopungua, kwa hiyo kinachotoka kinakuwa na chumvi zaidi kwa kila lita. Pampu ya kuongeza presha ya volti 24, iwekwe bar 4 mpaka 5, na geji ifungwe kabla tu ya membreni. Fundi asiye na geji mrudishe.

Chukua jagi lenye vipimo na saa. Dakika moja upande wa maji safi, dakika moja upande wa maji taka. Kwa membreni ya 75 na maji magumu ambayo hayajalainishwa, tafuta mililita 200 safi kwa 800 taka. Kuna wanaofunga kibanio kidogo kwenye bomba la maji taka ikawa nusu kwa nusu, wakajisifu kwamba mashine yao haipotezi maji. Haipotezi, ndiyo. Inapoteza membreni.

Na baada ya membreni lazima kuwe na resini ya DI, punje zinazonasa chumvi iliyobaki na hugeuka rangi zikijaa. Membreni nzuri inazuia asilimia 96 hadi 98. Maji yaliyoingia na TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka) 400 yatatoka na 8 hadi 16, na hiyo si sifuri. Muuzaji anayesema "RO inatosha" hajawahi kufuga kitu chochote kigumu kuliko kambale.

Jibu la 2

Umesema kweli tupu ssebo, lakini umeruka gesi. Visima vyetu vingi virefu vina kaboni dioksidi nyingi iliyoyeyuka. Gesi hiyo membreni haiioni, inapita yote na kuangukia kwenye resini. Ndiyo maana mtu anaweka katriji mpya, wiki mbili rangi imegeuka mpaka juu, anarudi dukani, na muuzaji anafurahi kumuuzia nyingine.

Kupima ni rahisi. Jaza ndoo moja kwa moja kutoka kisimani, pima pH papo hapo. Tia jiwe la hewa (lile la kutoa mapovu) na pampu ya hewa ya tangi, acha saa 24, pima tena. Ikipanda kutoka 6.3 hivi hadi 7.5 au zaidi, ujue gesi ndiyo inayokula pesa yako. Dawa ni hiyohiyo ndoo, ila kubwa: pipa la lita 200, mfuniko umeegeshwa tu, mawe mawili ya hewa usiku kucha kabla maji hayajaingia kwenye mashine. Resini yenye thamani inalindwa na pampu ya hewa ya bei rahisi, na hakuna duka litakalokwambia.

Jibu la 3

Hilo pipa linamaliza na chuma pia. Maji yametoka kisimani meupe kabisa, umeyaacha kwenye jerikani, jioni yamekuwa ya manjano na juu yana utando unaong'aa kama mafuta. Uguse kwa kijiti. Ukipasuka vipande vipande kama ganda, ni chuma. Mafuta yangerudi kuungana. Visima vyenye mabomba ya GI (chuma kilichopakwa zinki) yaliyoliwa na kutu vinaongoza.

Hata miligramu 0.3 kwa lita, kiasi ambacho mdomo ndio kwanza unaanza kukisikia, inatosha kuipaka membreni kutu ndani ya miezi. Hewa inakigeuza chuma kuwa chembe, chembe zinatua, unayavuta maji ya juu tu: bomba la kutolea liwe sentimita 15 kutoka chini ya pipa. Halafu filta ya mchanga au ya mikroni 5. Mkianza na kilainishi (chombo cha resini inayobadilisha chokaa kwa sodiamu, huoshwa kwa chumvi) kabla ya kutoa chuma, resini ya kilainishi nayo itavaa kutu na chumvi haitaisafisha.

Jibu la 4

Kilainishi kina faida gani kama membreni ipo? Mimi naona ni kupandishiana bei tu.

Mwanzishaji

Hapana ndugu, kwa maji ya 300 si anasa. Ukiyatia hewa pH inapanda, na pH ikipanda chokaa inaganda upesi zaidi kwenye membreni. Kwa hiyo aliyetibu gesi lazima atibu na ugumu. Lita 10 za resini ya kilainishi zinabeba karibu gramu 500 za chokaa, yaani lita 1,600 hivi za maji yako. Tangi la lita 300 linalokula lita 60 safi kwa wiki linahitaji lita 300 za kisima, hivyo unakiosha kilainishi kila wiki ya tano: kilo 1.5 za chumvi ya kawaida kwenye lita 15 za maji, zipite taratibu nusu saa, kisha suuza mpaka ulimi usionje chumvi. Sodiamu iliyoingia badala ya kalisiamu haiumizi membreni wala haigandi.

Sasa lile lililonifanya nifungue uzi. "Mita inasoma 000, maji yako ni safi, tatizo ni wewe." Mita ya TDS inapima umeme unavyopita majini. Silika ya miamba yetu karibu haina chaji, kwa hiyo mita haiijui. Resini inaishika silika kwa mkono dhaifu kuliko vitu vingine, na ikikaribia kujaa inaiachia ya kwanza, huku mita ikiendelea kusoma 000. Ule utando wa kahawia kwenye mchanga na vioo ni diatomu, na diatomu hujenga ganda lake kwa silika. Nunua kipimo cha silika, au funga katriji mbili za DI mfululizo: ya kwanza ikigeuka rangi robo tatu itupe, ya pili isogee mbele, mpya ikae nyuma. Zisimame wima, maji yaingie kwa chini.

Jibu la 5

Ongeza hili: dakika 2 au 3 za kwanza baada ya kuwasha, maji ya membreni huwa machafu kuliko kawaida. Weka vali yamwagike kabla hayajafika kwenye DI. Anayejaza kwa boya linalowasha na kuzima kila nusu saa anaimaliza resini kwa zile dakika mbilimbili. Kusanya lita 60 kwa mkupuo. Na baada ya DI msifunge koki ya shaba jamani, plastiki tu. Shaba kidogo inatosha kumaliza kamba na konokono wote.

Jibu la 6

Na yale maji taka yanaenda wapi? Fundi aliyaelekeza tu kwenye migomba.

Mwanzishaji

Kama yamepitia kwenye kilainishi kwanza yamejaa sodiamu. Yapeleke chooni na kwenye deki, matooke uyaache.