Fedha za kufufua lugha za Waaborijini: wapewe vikundi vyao wenyewe?

Mleta mada, Adelaide

Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko darasa la pili. Wiki iliyopita alirudi kutoka shule, akanisimamia mlangoni, akaniambia: "Niina marni?" Nikadhani ni michezo yao ya YouTube. Kumbe ni salamu ya Kikaurna, lugha ya Waaborijini (wenyeji asilia wa Australia) wa hapa Adelaide, na hakunipisha mpaka nilipoitikia: "Marni'ai." Miaka kumi na moja naendesha teksi katika mji huu, sikuwa najua hata kuwaamkia wenye ardhi. Kwetu mgeni wa namna hiyo angepewa jina.

Nikaanza kuulizaulizia. Mtu wa mwisho anayejulikana kuwa alikizungumza Kikaurna kwa ufasaha, bibi Ivaritji, alifariki 1929. Kilichobaki ni kitabu cha sarufi na maneno kama 2,000 kilichochapishwa 1840 na wamisionari wawili Wajerumani, Teichelmann na Schürmann. Hao walikuwa na shule pale Piltawodli wakiwafundisha watoto kwa Kikaurna. Mwaka 1845 ikafungwa, watoto wakahamishiwa shule ya Kiingereza, na mambo yakaishia hapo. Kuanzia miaka ya 1990 wajukuu wakakirudia kile kitabu, na 2002 ikaundwa Kaurna Warra Pintyanthi, kamati ya wazee, walimu na wanaisimu. Leo wana hata neno la kompyuta: *mukarntu*, ubongo uliounganishwa na radi.

Sasa mada. Serikali ya shirikisho hutoa zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka kwa lugha na sanaa za wenyeji asilia, na vituo vya lugha vinavyoendeshwa na Waaborijini wenyewe ni miongoni mwa wanaozipata. Kijiweni kwetu madereva wamegawanyika. Wapo wanaosema ni kodi inayomwagwa mchangani. Mimi nasema wapewe wenyewe, tena waongezewe. Nawasilisha. Matusi hapana.

Mpiga Kura, Melbourne

Umeanza na mtoto kwa sababu unajua hakuna atakayembishia mtoto. Mimi naanza na hesabu.

Wakati Waingereza wanatia nanga 1788, bara hili lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Utafiti wa kitaifa uliotolewa 2020 ulikuta 123 bado zinatumika au zinafufuliwa. Katika hizo, zile ambazo bado zina nguvu, watoto wanazinyonya nyumbani, ni 12. Kumi na mbili! Sasa chukua milioni 20 zako, usahau kabisa kwamba sanaa nayo inakula humo humo, ugawe kwa 123. Unapata kama dola 160,000 kila lugha. Mwalimu mmoja, gari moja, kodi ya ofisi, kwisha.

Kwa hiyo ukigawa kwa usawa, kila mtu anapata kijiko. Mimi ningemwaga zote kwenye zile 12: Kiwarlpiri, Kipitjantjatjara, lugha za Wayolngu na wenzao. Huko bado mama anamkaripia mwanawe kwa lugha yake. Kikaurna ni cha kufungulia mikutano na kuimba. Niambieni, nani anagombana na mkewe kwa Kikaurna? Lugha usiyoweza kutukania wala kubembelezea ni picha ya marehemu ukutani. Naiheshimu, lakini siwezi kuinunulia chakula.

Binti Lamu, Perth

Kaka, maneno matamu hayo, ila umeruka ukurasa. Kikaurna na wenzake hawakufa kwa uzee. Toka mwanzoni mwa karne iliyopita hadi miaka ya 1970 watoto wa Kiaborijini walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa mama zao, wakawekwa mabwenini na kwa Wazungu, na wengi walipigwa kwa kutamka lugha ya nyumbani. Tume iliyochunguza jambo hilo ilitoa ripoti yake 1997, na kati ya mapendekezo yake ni kwamba serikali kuu ipanue ufadhili wa vituo vya lugha, utamaduni na historia mpaka kila eneo lifikiwe. Hilo liliandikwa kwenye mapendekezo ya fidia. Fidia huwezi kumpa aliyeumia kidogo ukamnyima aliyeumia sana, eti kwa sababu wa pili hawezi tena kuongea.

Halafu kuna walio katikati, ambao hesabu yako haiwaoni. Kule Kununurra, kaskazini mwa jimbo letu, wanaokijua Kimiriwoong sawasawa hawazidi 20, na ni wazee. Haimo katika 12 zako. Lakini kituo chao tangu 2014 kinaendesha "kiota cha lugha", mtindo uliotoka kwa Wamaori wa New Zealand: walimu wanawaendea watoto wadogo kwenye chekechea na kuongea nao Kimiriwoong, Kiingereza wanakiacha nje. Kwa kanuni yako tungengoja hao wazee wamalizike ndipo tuseme, aa, ile nayo ilikuwa picha ukutani.

Hapa Perth Wanoongar wanaamkiana "kaya". Siku ya kwanza kuisikia nilidhani nimefika kwa Wamijikenda na makaya yao.

Mpiga Kura, Melbourne

Umenibana kwa Kununurra, sikatai. Basi tusogee. Tuseme zifadhiliwe zote. Kwa nini vikundi? Kuna shule, kuna walimu wenye mishahara ya serikali, kuna mitaala. Weka somo la lugha ya mahali katika shule, mwalimu alipwe kama wa hesabu. Vikundi vina ugomvi wa nani ni nani. Tazama Tasmania. Lugha iitwayo palawa kani imeunganishwa kutokana na mabaki ya lugha kadhaa za kisiwa kile, inasimamiwa na Tasmanian Aboriginal Centre, na kituo hicho kiliwahi kuiomba Wikipedia iuondoe ukurasa unaoizungumzia. Wapo Waaborijini wengine wa kisiwa hicho hicho wasiokubali kituo kimoja kiwe na kauli ya mwisho. Ukiwapa hao pesa umewapa na rungu.

Mwalimu Mstaafu, Darwin

Shikamooni mlionizidi, na marahaba kwa wengine. Ndugu yangu wa Melbourne, nimefundisha hapa kaskazini. Hiyo ya shule tulishaijaribu.

Northern Territory, eneo letu hili, ilianza shule za lugha mbili 1973. Mtoto anasoma kwanza kwa lugha yake, Kiingereza kinaongezeka kadiri anavyokua. Vitabu vikachapishwa humo humo vijijini, walimu Waaborijini wakasomeshwa. Mwaka 1998 serikali ya hapa ikataka kuufuta mpango, ukaponea chupuchupu. Oktoba 2008 waziri akatangaza kuwa saa nne za mwanzo za kila siku ya masomo ziwe za Kiingereza katika shule zote. Saa nne! Siku ya shule ina saa ngapi? Lugha ya mama ikasukumwa baada ya chakula cha mchana, wakati joto limepanda na nusu ya darasa wamekwenda kuogelea. Baada ya miaka michache amri ile ikaachwa, lakini walimu waliokata tamaa hawakurudi wote.

Ndiyo maana Wawarlpiri hawaingojei serikali. Tangu 2005 wana mfuko wao wa elimu, WETT, unaolishwa na mrabaha wa dhahabu inayochimbwa katika ardhi yao. Kinamama ndio walioupigania. Wanalipia vitabu, mikutano ya walimu, safari za watoto kwenda porini na wazee, ambako ndiko lugha inakaa. Waziri akibadilika, mfuko upo. Lakini ni jamii ngapi zina dhahabu chini ya miguu?

Niwachekesheni kidogo. Wayolngu wa Arnhem Land huita pesa *rrupiya*. Msishangae, ni binamu wa rupia yetu: waliipata kwa mabaharia wa Makassar waliokuja kuvua majongoo wa baharini kabla Mzungu hajahamia. Na mwaka 1944 askari mmoja aliokota kwenye visiwa vya Wessel, ufukweni kwa hao hao, sarafu tano za Kilwa. Zilifikaje hakuna ajuaye. Kwa hiyo kama hoja ni pesa, za kwetu zilishatangulia.

Mhasibu

Nimesoma kimya, sasa mwalimu amenichokoza. Nilifanya kazi miaka mitatu katika kituo kimoja cha lugha, mji mdogo wa kaskazini, sitautaja.

Mwaka wa fedha wa nchi hii unaanza Julai. Ruzuku yetu ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Mara mbili katika hiyo mitatu, barua ya kutuambia tumepata ilifika Septemba. Julai na Agosti tuliishi vipi? Mwalimu wetu kijana, ambaye alikaa na bibi yake mpaka akaweza kuota ndoto kwa lugha ile (alituambia mwenyewe, na furaha aliyokuwa nayo siku hiyo!), alikwenda kupika kwenye kambi ya mgodi. Pesa ilipokuja alikuwa kashatia saini mkataba wa huko.

Bibi mwenyewe alikuwa na miaka themanini na kitu, nami nilikuwa namlipa kwa saa. Kila jambo lilihitaji risiti. Siku moja aliniuliza, safari ya kwenda kisimani nayo ni saa ya kazi au siyo? Kisima kilikuwa kilomita 140, na majina ya kila kilima cha njiani alikuwa akiyasema yeye peke yake duniani. Nikaitazama ile fomu. Palikuwa na kisanduku cha "idadi ya washiriki". Ndani ya gari tulikuwa wanne. Nikaandika nne. Mwaka uliofuata tukaulizwa kwa nini idadi ni ndogo.

Sisemi vikundi ni malaika. Mwenyekiti mmoja alitaka gari la ofisi limpeleke mpirani kila Jumamosi, na tuligombana. Lakini ukubwa wa ruzuku haukuwa tatizo letu la kwanza. Mtoto anahitaji miaka kumi kuijua lugha, na sisi tulikuwa tunapewa miezi tisa tisa.

Mbembe wa Nyarugusu, sasa Queensland

Mimi ni mutu wa Fizi, Kongo. Nilikulia kambini Nyarugusu, Tanzania. Kwetu kambini kila kitu ni Kiswahili: kanisa, shule, mpira, foleni ya chakula. Baba na mama waliongea Kibembe usiku tu, wakidhani tumelala. Leo mama akinipigia simu ananiambia methali ya Kibembe, ninamuomba anitafsirie, anacheka, halafu ananyamaza. Hakuna mtu alinipiga ili niache. Kwa hiyo tunapolaumu Kiingereza hapa, tukumbuke kwamba Kiswahili chetu kizuri nacho kina meno.

Kwa mada, ninaunga mkono. Lakini wazazi walipwe muda. Mama anayesafisha ofisi usiku hawezi kufundisha mtoto lugha mchana.

Mpiga Kura, Melbourne

Mhasibu kanipa silaha na kuninyang'anya kwa mkupuo. Kama pesa zenyewe zinakuja kwa miezi tisa, basi nakubali hata zile 12 zangu haziponi hivyo. Ila sijasogea kwenye moja: lazima kuwe na kipimo. Mwezi Julai 2020 serikali zote na mashirika ya Waaborijini walitia saini makubaliano ya Closing the Gap, ya kuziba pengo la maisha kati ya wenyeji asilia na wengine, na lengo la 16 linasema ifikapo 2031 kuwe na ongezeko la kudumu la idadi na nguvu za lugha zinazozungumzwa. Idadi na nguvu. Salamu moja mlangoni inahesabika wapi hapo? Na msisahau, Oktoba 2023 nchi hii ilipigia kura pendekezo la kuingiza katika katiba Sauti, chombo cha wenyeji asilia cha kulishauri bunge, asilimia 60 wakasema hapana. Mkiwaomba hao walipe kwa miaka kumi mfululizo, mtawaonyesha nini?

Binti Lamu, Perth

Kura ile ilihusu katiba, ndugu yangu. Huwezi kuibeba kila harusi. New South Wales wana sheria ya lugha za Waaborijini tangu 2017 na chombo maalumu cha kuisimamia, na kura haikuifuta. Na kule Coffs Harbour 2022 imefunguliwa shule ya lugha mbili, Kigumbaynggirr na Kiingereza. Hiyo imeanzishwa na kikundi cha jamii, na Wagumbaynggirr wamekuwa na kituo chao cha lugha tangu 1986. Piga hesabu mwenyewe: miaka 36 ya kamusi, madarasa ya jioni na kuandaa walimu, ndipo ikapatikana shule. Ungewapima mwaka wa tatu ungewafunga.

Mleta mada, Adelaide

Nimerudi, nilikuwa zamu ya usiku uwanja wa ndege. Nakiri nilikuja na "waongezewe" kwa sababu ndilo neno jepesi. Baada ya Mhasibu ningeandika mada upya: ruzuku ya miaka kumi, ilipwe kabla ya Julai, na atakayesema kama kazi inakwenda awe mzee wa lugha pamoja na mkaguzi. Kuhusu shule sipingani na Mpiga Kura, mwalimu alipwe kama wa hesabu. Ila mwalimu huyo atatoka wapi kama si kwenye hivyo vikundi? Hata huyo anayemfundisha binti yangu, nilikwenda kumuuliza juzi. Anakuja Jumatano, dakika 40, halafu anakwenda shule nyingine tatu.

Mhasibu, nina swali moja. Yule kijana wa kambi ya mgodi alirudi?

Mhasibu

Anakuja Krismasi. Bibi alifariki mwaka jana. Zile rekodi za njia ya kisimani ziko kwenye diski mbili, moja kituoni, moja kwake. Ameniambia huwa anazisikiliza jikoni, wenzake wanadhani ni redio imekosea masafa.